Krapf, Kivoi na theluji iliyokataliwa London

Je, theluji yaweza kulala mwaka mzima juu ya mlima ulio karibu na ikweta, ilhali chini yake watu walima mtama na kunde kwa jasho? Leo mtoto wa shule ya msingi atakujibu bila kufikiri na kukuonyesha picha ya Mlima Kenya kwenye simu ya mamake. Lakini mwaka 1849 jibu hilo lilitosha kumfanya mtu aonekane mwongo au mwenye macho mabovu. Mmoja wa waliobeba lawama hiyo ni mtu ambaye jina lake twalijua sana hapa Mombasa, Johann Ludwig Krapf.

Wengi wetu twamjua kwa mnara wake kule upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale, na kwa habari za Rabai. Twajua alikuwa mmishonari, na lengo lililomleta hatukubaliani nalo, wala sitajifanya leo kuwa twakubaliana. Ila maisha ya mtu hayaishi katika lengo lake. Mimi ninapopita Makueni kwa basi la usiku, kukipambazuka kati ya Makindu na Emali, na Kilimanjaro ikajitokeza mkono wa kushoto kabla mawingu hayajaifunika, humkumbuka huyu bwana kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa muulizaji. Na alipojibiwa na Mkamba, au na mtu wa Embu, alilichukua jibu hilo kuwa jibu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alisomea kazi ya dini Basel, Uswisi, akaajiriwa na chama cha wamishonari wa Kiingereza, na mwaka 1837 akapelekwa Uhabeshi. Huko alikaa miaka kadhaa, akafukuzwa, akaoa, akatafuta njia nyingine ya kuingilia bara. Njia aliyoipata ni ya kwetu. Mapema mwaka 1844 alifika Unguja, Sayyid Said bin Sultan akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na Mei mwaka huohuo akahamia Mombasa. Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na kitoto chao kichanga cha kike kikafuata siku chache baadaye. Mama huyo alizikwa upande wa bara, na kaburi lake liko hadi leo.

Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Yeye akakaa akajifunza Kiswahili. Aliyemsaidia sana katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani wazee wetu walikuwa waoga wa kukaa meza moja na mtu wa dini nyingine. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye, wakafungua kituo Rabai.

Hapo ndipo habari ya theluji inapoanzia.

Pwani yetu wakati huo ilikuwa na maelezo yake juu ya mlima mkubwa wa Uchagani. Wenye misafara walikuwa wamesikia, na wengine wameona kwa mbali, kilele cheupe kinachong'aa. Ilisemwa kuna fedha huko juu, na inalindwa na majini. Rebmann alipokuwa akijiandaa kwenda, liwali wa Mombasa alimwonya asithubutu kupanda, kwa kuwa waliopanda walikakamaa mikono na miguu, na baruti zao zilikataa kushika moto. Sasa wewe msomaji hebu tazama ushahidi wenyewe, ukiacha jina la aliyetajwa kuwa mtendaji. Vidole kukakamaa mpaka kufa ni kazi ya baridi kali: mwili huondoa damu kwenye ncha zake ili ulinde moyo na matumbo, na nyama isiyopata damu hufa. Baruti kukataa kuwaka ni kazi ya unyevu: shura iliyomo ndani yake hunywa maji ya hewani, na mtu anayetembea ndani ya wingu la mlimani ni sawa na aliyetumbukiza pembe yake ya baruti katika mvuke. Sisi Waislamu twaamini majini wapo, na si hapa pa kujadili hilo. Lakini kuamini kwamba wapo si ruhusa ya kumbandikia jini kila tukio tusilolifanyia uchunguzi. Wazee wetu waliona sawasawa. Waliripoti sawasawa. Sababu tu ndiyo waliyoikosea.

Uchagani kwenyewe walikuwa wameshavuka hatua hiyo. Rebmann alielezwa huko kwamba Rengua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma kundi la watu wakachunguze kile cheupe, kwa kudhani huenda ni fedha. Aliyerudi hai ni mmoja, aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika. Alielezwa pia kwamba wapo waliokiteka kile kitu kikang'aa chomboni, na kilipofika chini chombo kilikuwa na maji tu. Mimi nahesabu hilo kuwa jaribio la kisayansi lililokamilika: umechukua kitu, umekibadilishia joto, umeona kimekuwa nini. Na kiongozi wa njia wa Rebmann, alipoulizwa kule juu kuna nini, alijibu neno moja la Kiswahili, baridi. Hakuwa na jina la kitu, akataja kinachofanywa na kitu hicho. Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na habari zake zikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata.

Krapf naye alitaka kuona kwa macho yake. Mwanzoni mwa Novemba 1849 aliondoka Rabai kuelekea Ukambani. Akiwa karibu na Maungu aliiona Kilimanjaro kwa mbali, akaridhika kwamba ule weupe ni theluji. Kisha akaendelea kupitia Tsavo na Kikumbulyu, yaani nchi ya Kibwezi ambayo leo iko ndani ya Makueni, akavuka Mto Athi na uwanda mrefu wa Yatta, na mwishoni mwa mwezi akafika Kitui kwa mwenyeji wake, Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi si wa kupitiwa haraka. Ndiye mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba wa zama zile, mwenye kuongoza misafara ya mamia ya watu na pembe za ndovu hadi pwani. Soko letu lilimjua. Alikuwa amefika pia Uchagani, ameiona Kilimanjaro, ambayo Wakamba waliiita mlima wa weupe. Akamwambia Krapf kwamba upo mwingine mkubwa, mwendo wa siku kama sita kutoka kwake, nao una kitu cheupe kama ule. Akaongeza kwamba hali ya hewa ikiwa safi utauona kutoka kilima kilicho jirani na kijiji chake. Krapf alisubiri. Siku kadhaa mawingu hayakuondoka. Tarehe 3 Desemba, baada ya mvua kuosha hewa, ukajitokeza: mgongo mrefu, na juu yake nguzo mbili kama pembe, nyeupe.

Si miujiza kuuona kwa umbali huo. Kutoka Kitui hadi kileleni ni takriban kilomita 150, na kwa jinsi ardhi ilivyopinda kilele chenye urefu wa mita 5,199 chaweza kuonekana hata na mtu aliye umbali wa kilomita 250 katika usawa wa bahari, ikiwa hewa haina vumbi wala wingu. Shida ni wingu. Jua likishapanda, miteremko hupata joto, hewa hupanda kwa ubavu wa mlima, unyevu wake unageuka ukungu, na ifikapo saa nne asubuhi mlima umeshavaa kilemba. Ndiyo maana wenyeji wanaujua mlima wao wa alfajiri, na mgeni wa mchana huapa kwamba hakuna mlima.

Krapf aliandika jina kama alivyolisikia kwa Mkamba, Kegnia. Wakamba huuita Kiinyaa, na Wakikuyu huuita Kirinyaga. Mara nyingi huelezwa kwamba jina la Kikamba lahusu mbuni dume, kwa ule weusi wa mawe na weupe wa theluji unaofanana na manyoya yake. Kwa hiyo jina la nchi hii tunalolibeba kwenye kitambulisho limepitia kinywa cha mtu wa Kitui likaingia kwenye daftari la Mjerumani wa Rabai.

Hakuishia kwa Kivoi. Alimuuliza pia mtu wa Uembu aitwaye Rumu wa Kikandi, aliyekuwa ameufikia mlima wenyewe mara nyingi. Huyo alimwambia hakuweza kupanda sana kwa sababu ya baridi, na kwa sababu kile kitu cheupe, alichokiita kirira, huporomoka kutoka juu kwa kishindo. Maporomoko ya theluji! Mtu ambaye hajawahi kuyaona hawezi kuyabuni.

London hawakuamini. Aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote ni William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeandika sana juu ya bara hili bila kulikanyaga. Mwaka 1852 alitoa kitabu kuhusu Afrika ya ndani, na katika ubishi huo aliwachukulia wamishonari hawa kama watu waliodanganywa na macho yao na hamu yao. Nimjaribie haki yake kidogo. Krapf na Rebmann hawakuwa na vipimo vya joto wala vya kimo cha kuwashawishi wataalamu, na ramani walizosaidia kuchora zilikuwa na makosa makubwa. Mwanasayansi ana haki ya kudai kipimo. Lakini Cooley hakudai kipimo tu, alikataa kwamba jambo lenyewe lawezekana, na hapo sina la kumtetea. Theluji ya ikweta ilikuwa imejulikana muda mrefu kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wafaransa walipima nchi ya Quito miaka ya 1730, na Humboldt alikwea Chimborazo mwaka 1802. Kwa nini iwezekane Quito ikataliwe Kitui?

Sababu yenyewe si ngumu, na nashangaa shule zetu huipita mbio. Watu hudhani ukipanda mlima unalisogelea jua, kwa hiyo joto lizidi. Jua liko mbali mno, mita elfu tano si kitu. Miale yake hupita hewani bila kuipasha sana, ikapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo ikipanda inakuta kanieneo ndogo, inatanuka, na hewa inayotanuka hupoa. Ukitaka ushahidi, bonyeza vali ya tairi ya baiskeli uitoe pumzi: hewa inayotoka ni ya baridi. Kisha ijaze kwa pampu, ushike pampu chini: imepata moto. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii sita na nusu. Anza na Mombasa ya digrii 30 ukatoe mpaka mita 5,199, utajikuta chini ya sifuri kwa digrii tatu na kitu. Mwendo wa dakika moja kwa kalamu. Cooley angeweza kuufanya akiwa kitini pake.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, safari hii akitaka kufungua kituo Yatta. Mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo. Walivamiwa njiani, wapagazi wakamwacha, na kituo hakikusimama. Akaenda kwa Kivoi, nao wakatoka pamoja na kundi la watu kuelekea Mto Tana. Mwishoni mwa Agosti, hawajaufikia mto, wakavamiwa. Kivoi akauawa pale. Krapf akapotezana na wenzake, akabaki peke yake nyikani, ana bunduki, darubini, na kiu.

Siku zile chache za kukimbia ndizo zinazonivutia kuliko vitabu vyake vyote. Alijikokota mpaka Tana akanywa. Chombo cha kuchukulia maji hakuwa nacho, kwa hiyo alijaza mfuko wa ngozi wa darubini, kisha akajaza mitutu ya bunduki na kuiziba kwa nyasi. Alitembea usiku na kujificha mchana. Usiku wa mawingu, nyota hazionekani, aliongozwa na upepo: walipokwenda Tana ulikuwa ukiwapiga mgongoni, basi sasa alihakikisha unampiga usoni. Wavuvi na manahodha wetu hawahitaji kuelezwa. Agosti ni kusi, na kusi hailali hata bara. Mjerumani yule aliokolewa na upepo uleule unaosukuma majahazi yetu.

Maji hayakudumu. Ngozi ilivuja, na miiba ilichomoa vizibo vya nyasi. Alipokuwa amekaribia mwisho wa nguvu zake alisikia kelele za nyani kutoka bondeni, na akajua pana maji, maana nyani hawakai mahali pasipo maji. Akafuata sauti mpaka kwenye mkondo mkavu wa mchanga, akakuta shimo walilolichimba wanyama hao, lina maji ndani. Akanywa, akafungia baruti yake kwenye kitambaa cha mkono, akajaza maji ile pembe ya baruti.

Mwenyeji wa Kitui au Makueni akisoma hapa atatabasamu, kwa sababu hilo ndilo analolijua tangu utotoni. Mito yao ni ya mchanga. Ikinyesha inapita kwa nguvu siku mbili tatu, kisha juu kunakauka. Lakini mchanga mnene hushika maji kati ya chembe zake, pengine hadi robo au thuluthi ya ujazo wake, na jua haliyafikii. Hukausha tabaka la juu, na yaliyo chini ya kina cha mita moja hivi yanabaki. Kina mama huchimba, ndovu huchimba, nyani huchimba. Kutokana na ujuzi huo ndipo kaunti hizi mbili zimejengewa mamia ya mabwawa ya mchanga: unajenga ukuta wa mawe katikati ya mkondo, mafuriko yanaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na ule mchanga ndio birika lenyewe. Ndiyo sababu pia watu wa Makueni wamegombana na malori yanayobeba mchanga kwenda kujengea miji, hadi kaunti ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Sisi tulio mjini hununua mchanga kwa lori na kuuona kama mchanga. Kule, lori moja ni maji ya mtu.

Nirudi kwa Krapf. Alipowafikia Wakamba hakupokewa kwa pole. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwamba alikuwa pamoja na mzee wao na yeye ndiye aliyerudi mzima, na ilisemwa kwamba mganga mwenye nguvu kama yeye angeuona ubaya kabla haujafika. Maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku, akateseka tena njiani, akafika Rabai akiwa hoi. Na hapa mimi siwacheki Wakamba. Walikuwa wamempoteza mtu mkubwa, wakatafuta sababu ya msiba, wakaishika iliyokuwa karibu. Ni kosa lilelile la majini ya Kilimanjaro, na ni kosa lilelile la Cooley.

Krapf mwenyewe hakuwa salama nalo. Aliamini Tana haikauki kwa sababu inalishwa na theluji ya mlima. Ukweli ni kwamba barafu huchangia kidogo sana. Maji mengi ni ya mvua inayonyesha kwenye misitu ya miteremko ya mlima huo na ya Aberdare. Aliona mto usiokauka, aliona mlima mweupe, akaviunganisha upesi.

Afya ilimshinda, akaondoka pwani mwaka 1853. Alirudi kwa muda mwaka 1862 kuwaleta Wamethodisti wa Ribe, na mwaka 1868 alikuwa mkalimani katika jeshi la Waingereza huko Uhabeshi, akaugua tena akarudi kwao. Ubishi wa theluji ulikwisha angali hai. Baron von der Decken alikwea Kilimanjaro mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawanyeshea. Cooley hakukubali hata hapo. Charles New wa Ribe akaigusa kwa mkono mwaka 1871.

Mlima wa Kivoi ulichelewa zaidi. Krapf alikufa Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, na Joseph Thomson alipita karibu na Mlima Kenya mwaka 1883 akathibitisha kile ambacho Kivoi alikionyesha kwa kidole miaka 34 nyuma. Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Batian, Mackinder, alifika mwaka 1899.

Barafu aliyoikuta Mackinder sasa inakwisha. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko nyingine mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na wataalamu wanatarajia mlima wote ubaki bila barafu kabla ya katikati ya karne hii. Vilima vya Kitui bado vipo, na alfajiri baada ya mvua zile pembe mbili bado zaonekana kutoka huko. Weupe ndio unaotafutwa kwa darubini.